KONA YA WAZAZI: "Amenishinda kwa Ujanja Tu!"

Mwezi huu tuzungumze juu ya michezo ya simu. Wengine mtasema ni jambo dogo. Lakini siku watoto wa nyumba mbili zinazopakana wanaacha kusalimiana, si dogo tena.

Kwetu ilianza jioni moja. Kijana wangu wa kati alikuwa anacheza mpira wa kwenye simu na mtoto wa jirani, kila mmoja kwao, na simu ya mzazi wake. Mtoto wa jirani akafunga goli mapema. Kuanzia pale akawa anapasiana na mabeki wake tu, huku na huku, mpaka muda ukaisha. Kijana wangu akapiga kelele: "Papa, huyu hachezi! Anaiba muda tu!" Mchezo wa pili, alipofungwa mawili, akazima intaneti katikati. Mmoja akaitwa mwizi, mwingine mwoga. Kesho yake hata kwenye bomba la maji hawakuongea, na mama wa yule kijana akaanza kunisalimu kwa ufupi.

Nikawaita wote wawili, wakakaa kwenye mkeka. Nikauliza: nani amevunja sheria? Kimya.

Kumbe tunachanganya mambo matatu. La kwanza ni wizi wenyewe, kama kutumia programu ya kubadilisha mchezo. La pili ni ujanja unaochukiza lakini unaruhusiwa: kupoteza muda, au kurudia krosi ile ile mara ishirini. La tatu ni kuzidiwa tu; mwenzako anajua kuliko wewe. Mtoto mwenye hasira huyaita yote matatu wizi. Na kuzima intaneti ili usihesabiwe kushindwa, hiyo iko karibu na wizi kuliko zile pasi za nyuma. Lakini mtandao wetu nao hukatika wenyewe, basi muulize mwenzako kabla ya kumtukana.

Nikawapa habari ya Algeria. Kombe la Dunia la 1982, Hispania, Algeria waliwafunga Ujerumani Magharibi 2-1. Mechi ya mwisho ya kundi, Ujerumani na Austria walicheza siku moja baada ya Algeria kumaliza, kwa hiyo walijua hesabu yote. Ujerumani wakishinda 1-0, wote wawili wanapita. Wakafunga dakika ya 10, halafu wakapasiana tu mpaka mwisho. Algeria wakalalamika, lakini FIFA haikubadilisha matokeo. Ila kuanzia 1986 mechi za mwisho za kundi zinachezwa saa moja. Hata zile pasi za kumrudishia kipa adake, zilikatazwa 1992. Malalamiko yenye hoja hubadilisha sheria. Matusi hayajabadilisha kitu.

Kuna na njia nyingine. Mwaka 2019 Arslan Ash, kijana wa Lahore, Pakistani, alishinda mashindano makubwa ya mchezo wa kupigana uitwao Tekken, kule Japani na halafu Marekani. Wachezaji wa Pakistani walikuwa hawajulikani. Bingwa mmoja wa Korea Kusini, aitwaye Knee, hakusema wamebahatisha. Alipanda ndege mpaka Pakistani, akacheza nao ili ajifunze.

Wazee wanaocheza igisoro, au bawo wanaocheza wenyeji wetu wa Dowa, wanalijua hilo. Kete zako zikiliwa, ukilia watakucheka. Panga upya, cheza tena.

Sasa nasema na wazazi wenzangu, na mimi nikiwemo. Hapa Dzaleka tuna malalamiko mengi, na mengi ni ya haki. Lakini mtoto akisikia nyumbani kila siku kwamba kila tulichokosa ni fitina ya fulani, atajifunza wimbo huo. Siku atakapoonewa kweli, nani atamsikiliza? Tumfundishe kuuliza kwanza: Sheria gani imevunjwa? Naweza kuonyesha? Kama haikuvunjwa, nijifunze nini?

Wale vijana nikawaachia kazi: wapatane kabla ya kucheza. Wamekubaliana mambo mawili. Mtandao ukikatika, mnapigiana simu na kurudia mchezo. Na anayeongoza anaruhusiwa kulinda goli lake. Anayefungwa atafute namna ya kumnyang'anya mpira.

Jumamosi wamecheza tena. Wangu amefungwa 3-2. Alikaa kimya kidogo, akatoka nje, akaita juu ya ua: "Eh, lile goli la tatu ulifanyaje? Kuja unionyeshe."

Yule akaja. Mama yake naye akaja, na leo salamu zilikuwa ndefu.

Tuonane mwezi ujao. Amani ikae nyumbani mwenu.