Ugali haukuanza na mahindi

Makala moja imedai kuwa neno "ugali" ni haki ya unga wa mahindi peke yake, na kwamba sisi wa Kasulu na Kibondo, tunaosonga unga wa muhogo, tumelipotosha. Nakataa.

Tuanze na neno lenyewe. Msukuma husema bugali. Warundi na Wanyarwanda, ambao lugha zao ni ndugu wa Kiha, lugha yetu, husema ubugari na ubugali, na aghalabu huwa ni wa muhogo. Kiswahili kimeangusha b, basi.

Sasa mahindi. Jina lake linataja Uhindi, lakini asili yake ni Mexico. Muhogo nao ulitoka Amerika ya Kusini. Vyote viwili vilivuka bahari baada ya 1492. Kabla yake, wazee wetu walisaga ulezi na mtama. Mgeni hawezi kumvua mgeni mwenzake uenyeji ambao hata yeye hana.

Mama wa Kibondo anayeloweka muhogo kuondoa sumu, akauanika, akausaga, kisha akashika mwiko, anapika ugali. Si mbadala wa njaa. Ni ugali kamili, kwa jina na kwa haki.