Mbunge ni wa Jimbo au ni wa Taifa?

Wahenga walinena kwamba kivuli cha mvumo hufunika walio mbali. Methali hiyo husikika sana uchaguzi unapokaribia, na aghalabu hutajwa kwa uchungu. Wapiga kura huuliza: tulimtuma mtu wetu Bungeni, akawa mkubwa, jina lake likavuma, nasi tuliomtuma tumepata nini? Hilo ni swali halali, na gazeti la chama halina ruhusa ya kulikwepa. Lakini yafaa lijibiwe kwa uangalifu, maana anayelijibu vibaya huchagua vibaya.

Kwa kulipima swali hilo twaona hakuna maisha ya kisiasa yanayofaa kuliko ya marehemu Benjamin William Mkapa. Alizaliwa Lupaso, Wilaya ya Masasi, tarehe 12 Novemba 1938, akazikwa papo hapo Lupaso mwezi Julai 2020. Baina ya siku hizo mbili alipita njia ndefu. Alisoma shule za misheni, kisha Pugu na Makerere. Mwaka 1966 alikabidhiwa uhariri wa magazeti ya TANU, na baadaye akawa mwandishi wa habari wa Rais, balozi na Waziri wa Mambo ya Nje. Mwaka 1985 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Nanyumbu, jimbo ambalo siku hizo lilikuwa ndani ya Wilaya ya Masasi, na akalishika kwa miaka kumi. Kutoka kiti hicho alipanda kuwa Rais, tangu 1995 hadi 2005.

Wapo waliosema kwamba Mbunge ambaye ni Waziri wa Mambo ya Nje huishi katika ndege, na kwamba jimbo lake huliona jina lake magazetini tu. Tusiyadharau maneno hayo. Lakini tukumbuke Nanyumbu iko wapi. Jimbo hilo linapakana na Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto Msumbiji ilikuwa ikiungua kwa vita hadi mapatano ya amani ya mwaka 1992. Kwa mkulima wa mpakani, mambo ya nje yalikuwa mlangoni pake. Amani ya jirani ilikuwa ndiyo amani ya shamba lake. Hivyo kazi iliyoonekana kuwa ya mbali ilikuwa pia kazi ya jimbo, ingawa haikuacha jengo wala bamba lenye jina la Mbunge.

Alipokuwa Rais, mtu huyu wa Masasi alitanguliza mambo matatu. La kwanza lilikuwa kutengeneza hesabu za nchi. Mamlaka ya Mapato ilianza kazi mwaka 1996. Mfumuko wa bei, uliokuwa karibu asilimia 27 mwaka 1995, ulishuka hata kufikia karibu asilimia 5. Na Novemba 2001 nchi ilifikia hatua ya kusamehewa sehemu kubwa ya madeni. La pili lilikuwa kutumia nafuu hiyo kwa shule na barabara. La tatu lilikuwa kuwauzia watu binafsi viwanda na mashirika yaliyokuwa ya umma. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotungwa kwa ajili ya Masasi au Newala. Yote yalikuwa ya taifa zima. Hata hivyo yote matatu yalifika Masasi na Newala, nasi twapaswa kuuliza yalifikaje.

Tuanze na yale yaliyofika vizuri. Ada ya shule za msingi ilipofutwa, watoto walioandikishwa nchini waliongezeka kutoka milioni 4.4 hivi mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Katika hesabu hiyo wamo watoto wa Newala ambao wazazi wao, bila ya hatua ile, wangechagua baina ya ada na chumvi. Kadhalika, mwaka 2003 lilifunguliwa daraja la Mto Rufiji linaloitwa kwa jina lake. Kabla ya hapo msafiri wa Kusini alingoja pantoni ya Ndundu, na mvua zikizidi Kusini ilikatika kama kisiwa. Watu hawa walikuwa wamekwisha kuiona reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ikifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza maana ya njia. Mwaka 2010 likafunguliwa pia Daraja la Umoja pale Mtambaswala, na gari likavuka Ruvuma juu ya zege.

Sasa tuje kwenye lile lisilofika vizuri, nalo ni korosho.

Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka Kusini. Miaka ile serikali ilikopa fedha ikajenga viwanda vya kubangua, vikiwamo vya Masasi na Newala, ili kazi ya kubangua isifanywe India bali ifanywe hapa. Lakini msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka hata yakawa chini ya tani 17,000. Sababu zajulikana. Watu walihamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali; bei ilikuwa ndogo na malipo yakachelewa; na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Viwanda vikakosa korosho, mashine zikanyamaza. Basi tusimwekee Rais Mkapa lawama yote: viwanda hivyo vilikwisha kuugua kabla yake, na baadhi ya ugonjwa ulitokana na maamuzi ya chama chenyewe.

Lakini ilitazamiwa kwamba kuviuza kungeviponya. Wakulima, kwa msaada wa watafiti wa Naliendele na unga wa salfa, waliifufua mikorosho; msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000. Mti ulifufuka, kiwanda hakikufufuka. Majengo kadhaa yaliyouzwa ili yabangue yaligeuzwa maghala, na korosho nyingi ikaendelea kupakiwa melini ikiwa ghafi. Dar es Salaam kiwanda kimoja kikifungwa, mfanya kazi aweza kupiga hodi kwenye kingine. Masasi na Newala hodi hiyo haina mlango. Sheria ilikuwa moja kwa nchi nzima, lakini uzito wake haukuwa mmoja.

Na maji ni vivyo hivyo. Uwanda wa Makonde ni mchanga. Mvua hunyesha ikazama, na chemchemi ziko chini kabisa, kwenye miguu ya mteremko. Vizazi vya akina mama vimeshuka na kupanda mteremko huo na vyombo kichwani. Tangu miaka ya 1950 maji yamesukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni, na kuanzia miaka ya 1970 Ufini ilisaidia kwa wataalamu na fedha. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka wanavijiji wamiliki miradi yao na walipie uendeshaji. Kwa kijiji chenye mto ubavuni, hiyo ni busara. Kwa kijiji cha Newala, ambako kila ndoo lazima ipandishwe mlima kwa nguvu ya mtambo, sera ile ile huwa mzigo mwingine kabisa.

Hapa ndipo jibu la swali letu linapoonekana. Mbunge ni wa taifa, maana hutunga sheria za wote. Lakini jimbo humtuma ili sheria ya wote isiwe kipofu juu ya ardhi ya wachache. Kazi yake ni kusimama na kusema: kwetu maji hupanda mlima, kwetu zao ni moja, sheria hii itatufikaje? Asiyesema hivyo, hata akileta jezi za mpira na mabati ya zahanati, hajafanya kazi aliyotumwa. Jezi huchakaa, lakini sheria hudumu na kutoza.

Mfano wa karibu upo. Mwezi Juni 2018 Bunge lilijadili kuondoa ule utaratibu wa asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi ziendazo nje kurudishwa katika kuendeleza zao hilo. Wabunge wa Kusini walisimama wakapinga, wakiwamo wa chama chetu. Walishindwa, na fedha zikaelekezwa katika Mfuko Mkuu. Miezi michache baadaye wakulima wa Masasi, Newala na Tandahimba walikataa bei za mnada, na Novemba 2018 Rais Magufuli akaamuru serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizibebe. Mtu aweza kubishana juu ya hatua hizo zote. Lakini wabunge wale wasihesabiwe kuwa walioshindwa kazi. Walishindwa kura, kazi waliifanya.

Kwa hiyo twawaambia wanachama na wafanya kazi: msimpime mgombea kwa ukubwa wa jina wala kwa ukarimu wa mfuko. Mwulizeni mambo matatu. Ushuru wa korosho wamrudiaje mkulima, na nani atambana mlanguzi wa kangomba anayenunua kabla ya mizani? Kiwanda kilichouzwa kwa sharti la kubangua kikabaki ghala, sharti lake litasimamiwa vipi? Na gharama ya kuyapandisha maji Uwanda wa Makonde itabebwa na nani? Asiye na jibu la hayo akapumzike.

Mkapa alithibitisha kwamba mtoto wa Lupaso aweza kuliongoza taifa. Heshima hiyo hatuipunguzi. Lakini heshima haibangui korosho wala haijazi ndoo. Mvumo hauna kosa kwa kuwa mrefu, ndivyo ulivyoumbwa. Ni juu ya walio shinani kuutumia urefu wake: wampandishe mtu juu akiwa na maagizo yao, na akishuka wamtake hesabu, neno kwa neno, kura kwa kura.