Shamba Letu la Mboga na Maoni ya Wanachama



Tangu kiangazi kilipoanza, vikapu vya mboga vitokavyo katika shamba letu havichukuliwi vyote. Siku ya Ijumaa jioni, ofisi zifungwapo na makarani kushuka kwenda kupokea mafungu yao chini ya mwembe, twaona vikapu vingine vimebaki mpaka giza laingia, mchicha umenyauka na nyanya zimepondeka. Halmashauri ilipoulizwa ilijibu kwamba hapana malalamiko yaliyoletwa, basi wanachama wameridhika. Sisi hatulikubali jibu hilo. Kikapu kilichoachwa ni malalamiko, ijapokuwa hakikuandikwa barua.

Yafaa tukumbushane jinsi shamba la namna hii liendavyo. Mwanachama hutoa fedha yake kabla ya mbegu kutiwa ardhini. Kwa fedha hiyo mkulima hununua mbegu, samadi na vyombo vya kumwagilia. Kisha mwanachama hupewa fungu lake kila juma, likiwa kubwa au dogo kama Mungu alivyojalia. Mavuno yakizidi, wote hufaidi. Mvua ikiharibu nyanya, wote hupata hasara. Desturi hii si yetu peke yetu. Huko Japani watu wa mijini na wakulima walianza kupatana hivyo katika miaka ya 1970, na huko Marekani mashamba ya kwanza ya aina hiyo yalianza mwaka 1986, katika Massachusetts na New Hampshire.

Lakini patano hili lina hatari yake. Mnunuzi wa sokoni asipopendezwa na mboga hupita akaenda meza ya pili, na muuzaji akajua mara moja. Mwanachama hana meza ya pili, maana fedha yake imekwisha lala ardhini. Asipoulizwa hunyamaza, na msimu ukiisha huondoka, wala hatujui lililomwondoa. Kwa hiyo kuwauliza wanachama si adabu tu. Ni badala ya ile meza ya pili.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mafundisho. Katika Mkoa wetu huu wa Ruvuma, watu wa Litowa katika nchi ya Songea walianza kulima pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vijiji vingine vikafuata, navyo vikaungana katika chama kimoja cha maendeleo. Nguvu yao ilikuwa mkutano: wanakijiji wenyewe waliketi, wakapanga kazi, wakasema penye kosa. Chama chao kilivunjwa kwa amri mwezi wa Septemba 1969. Baadaye, kati ya mwaka 1973 na 1976, mamilioni ya watu nchini walihamishiwa vijijini, wengi wao kwa kulazimishwa, na mashamba mengi ya pamoja yaliyoanzishwa kwa amri hayakustawi. Hatusemi kwamba sababu ilikuwa moja tu. Lakini mtu hulitunza shamba alilolisemea neno.

Basi twauliza nini? Kwanza, ni mboga zipi ziliwazo nyumbani na zipi zitupwazo. Wenyeji wa ufuoni waliozoea ugali wa muhogo na samaki hutaka kisamvu, bamia na majani ya maboga. Wenzetu waliohamia kutoka mikoa mingine huenda wakataka kabichi na karoti. Swali hili aulizwe mwenye jiko, maana wengi wetu hula tu tunachopakuliwa. Pili, ni vigumu kiasi gani kutoa fedha ya msimu mzima kwa mara moja, ilhali mshahara huja mwisho wa mwezi? Tatu, mtumishi aliyelipa kisha akapata barua ya uhamisho kwenda Songea au Mtwara, fungu lake liwe la nani? Jambo hili si dogo. Yuko mwenzetu aliyeondoka kabla ya kuonja hata bamia moja, na mpaka leo hapana kanuni imjibuyo. Nne, je, Ijumaa jioni ni wakati wa kufaa kwa wale walio zamu?

Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Karani mdogo hawezi kusimama mkutanoni akasema kwamba mboga ni mbaya, ikiwa mwenyekiti ndiye mkubwa wake wa ofisini. Kwa hiyo karatasi zisiandikwe majina, zitiwe katika sanduku, nazo zifunguliwe mbele ya wanachama wawili wasio wa halmashauri. Wasiopenda kuandika waulizwe kwa mdomo, tena na mtu wasiyemwogopa. Na wale waliokwisha jitoa watafutwe kwanza kuliko wote, maana wao ndio wajuao kasoro zetu.

Mkulima naye asisahauliwe. Wamatengo wa milima ya Mbinga hulima ngoro: hupanga majani katika miraba, huyafukia kwa udongo, wakaacha mashimo yazuiayo maji yasichukue ardhi ya mteremko, hapo hupanda maharagwe, kisha mahindi. Elimu hiyo haikutoka ofisini. Ilitoka kwa wenye jembe. Anayemwagilia mboga zetu asubuhi na jioni anajua mengi yasiyo katika vitabu vyetu vya hesabu, naye ana haki ya kutuambia kama fedha tunayotoa yatosha kumlipa kwa kazi yake.

Mwisho, halmashauri ikiuliza, ijibu. Isome maoni katika mkutano, itaje litakalogeuzwa, na lisilowezekana itaje kwa nini. Wanachama wakitaka nyanya nyingi wakati wa masika, waambiwe wazi kwamba mvua huleta ukungu unaoziozesha, nao watafahamu. Aliyeulizwa mara moja na asijibiwe, mara ya pili hafumbui kinywa.

Hatuandiki haya kwa kumlaumu mtu. Halmashauri yetu imefanya kazi pasipo ujira, nasi twaishukuru. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Mvua hazijafika, na mbegu za msimu ujao bado kununuliwa. Kila mwanachama na aandike neno lake sasa, liwe zuri au chungu, alitie sandukuni kabla ya mkutano ujao. Twapenda kusoma karatasi mia za kulalamika kuliko kuhesabu vikapu kumi chini ya mwembe.