Xfce kwenye kompyuta za ofisi
Xfce ni eneokazi huria la mfumo wa Linux, yaani sehemu inayoonyesha madirisha, menyu na aikoni kwenye skrini. Lilianzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996. Linazifaa sana ofisi za Bukavu, toka Ibanda hadi Kadutu, kwa kuwa ni jepesi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizo nzima hazikubali Windows 11. Kuzitupa ni hasara isiyo na sababu. Ili kuziwekea Xfce, kwanza nyaraka zote hunakiliwa kwenye diski ya nje. Kisha Xubuntu, yaani Linux inayokuja na Xfce, hupakuliwa mara moja tu, jambo kubwa mahali ambapo mega za intaneti hununuliwa, na kuwekwa kwenye flashi. Kompyuta huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski yake, ili printa na Wi-Fi zijaribiwe. Wakati wa kusakinisha, Kifaransa na kibodi ya AZERTY vichaguliwe mapema, la sivyo neno la siri litaandikwa kwa herufi nyingine. LibreOffice hufungua faili za Word na Excel. Programu ya uhasibu ndiyo ya kujaribiwa kwa makini, kwenye mashine moja kwanza. Leseni hailipiwi, na flashi ileile hutosha kompyuta zote za ofisi.