Ramani ya Kujitolea Yahitaji Watunzaji

Ramani huchorwa siku moja, lakini nchi iliyochorwa huendelea kubadilika kila siku. Kisima hukauka, daraja hujengwa, zahanati huhamishwa, na njia ya ng'ombe hugeuka kuwa barabara ya magari. Kwa hiyo ramani haiwezi kuhesabiwa miongoni mwa vitu vinavyotengenezwa mara moja vikamalizika. Ni chombo cha kazi. Nacho, kama jembe, hupoteza makali kisiponolewa. Ukweli huu wajulikana na kila mpima ardhi, lakini waelekea kusahauliwa katika miaka hii ambapo watu wa kujitolea wameichora Afrika ya Mashariki kwa kasi isiyopata kuonekana.

Msingi wa kazi hiyo ni OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Mtu yeyote aweza kuingiza humo yale anayoyajua kuhusu mahali pake, na mtu yeyote aweza kuitumia bila malipo, mradi ataje ilikotoka na, akiiongezea data na kuisambaza, azitoe kwa masharti yale yale. Ndiyo maana huitwa ramani huria. Uchoraji wake hupitia hatua mbili. Kwanza, mchoraji hutazama picha iliyopigwa na setilaiti na kufuatisha kwa mistari barabara, mito na mapaa ya nyumba. Kazi hii yaweza kufanywa na mtu aliyeko Mwanza au London. Pili, mtu aliyeko mahali penyewe huzunguka kwa miguu na kuandika majina na matumizi ya vitu hivyo. Picha huonyesha paa. Haisemi kama chini yake mna zahanati, ghala la pamba au nyumba ya kulala wageni.

Matunda ya juhudi hizi ni makubwa. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walichora mtaa wao, ambao hapo kabla ulikuwa kama uwanja mtupu katika ramani zilizokuwa mikononi mwa umma. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, walifanya vivyo hivyo. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ulioshirikisha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, vyuo vikuu na Benki ya Dunia, ili kuchora kata za jiji hilo zinazokumbwa na mafuriko.

Mwaka huo huo ulianza mradi wa Crowd2Map, ambao wachoraji wake wa nchi nyingi wameshughulikia vijiji vya Tanzania, hasa mkoani Mara. Huko ramani ina kazi ya kuokoa. Shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly na lenye nyumba salama Mugumu, wilayani Serengeti, limeitumia kuwafikia wasichana wanaokimbia kukeketwa. Taarifa ya hatari huweza kufika usiku, kutoka kijiji ambacho dereva hajapata kukiona.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili unapoonekana. Dereva huyo akiwa na ramani tupu, atajua kwamba hana budi kuuliza njia. Akiwa na ramani iliyochakaa, ataifuata kwa imani mpaka kwenye daraja lililosombwa na maji misimu kadhaa iliyopita. Ramani tupu humwonya msafiri. Ramani iliyochakaa humdanganya.

FUNZO LA VITUO VYA MAJI

Mfano ulio wazi nchini ni ule wa vituo vya maji vijijini. Katika miaka ya mwanzo ya 2010, Wizara ya Maji iliendesha zoezi la kuviorodhesha nchi nzima: pampu za mkono, mabomba na chemchemi. Zaidi ya vituo 70,000 viliandikwa, kila kimoja na mahali pake, aina yake, na hali yake siku alipokitembelea mwandikishaji. Ilidhihirika kwamba zaidi ya theluthi moja vilikuwa havitoi maji. Data hizo zilitolewa kwa umma, jambo lililostahili sifa.

Lakini hali ya pampu si kama mwinuko wa mlima. Yaweza kuharibika wiki moja baada ya mwandikishaji kuondoka, ikatengenezwa mwezi unaofuata, na ikaharibika tena kabla ya masika. Orodha ile ilisema kweli juu ya siku moja tu. Hata leo data hizo, zilizokusanywa hasa kati ya 2011 na 2013, hutumiwa na wanafunzi wa kompyuta wa nchi mbalimbali kama zoezi la kubashiri ni pampu ipi nzima na ipi mbovu. Zoezi hilo lamfaa mwanafunzi. Kwa mama aliyebeba ndoo kichwani, ambaye anataka kujua kama pampu inatoa maji asubuhi hii, halina jibu.

Sababu ya hali hiyo imo katika muundo wa kazi yenyewe. Mradi huwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, fedha za magari na posho, na ripoti ya mwisho yenye hesabu ya vitu vilivyoandikwa. Hesabu hiyo ikipanda, wote hufurahi. Ni nadra mfadhili kushangilia akiambiwa kwamba kisima kilichoandikwa mwaka jana kimetazamwa tena na kukutwa kile kile, kikitoa maji yale yale. Hata hivyo, hiyo ndiyo habari ambayo mtumiaji wa ramani anaihitaji kuliko zote.

KUCHORA KUMEKUWA RAHISI

Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilitoa michoro ya majengo karibu milioni 18 ya Tanzania na Uganda, iliyochorwa na kompyuta kutokana na picha za angani. Kazi ambayo ingewachukua watu wengi miaka mingi ilifanywa na mashine. Mtu aweza kudhani kwamba zama za mchoraji wa kujitolea zimekwisha. Sivyo. Mashine imeshusha bei ya mstari na kupandisha thamani ya ujuzi wa mahali. Kompyuta yaweza kuhesabu mapaa ya kijiji kizima kwa dakika chache, lakini haijui jina la kitongoji, haijui kama zahanati ina mkunga, wala haijui kwamba kivuko kimefungwa. Hayo yajulikana na wakazi, na wakazi ndio pekee walio karibu kuyaona yanapobadilika.

BUJORA NA UFUKO WA ZIWA

Yatazamwe mazingira ya Bujora, karibu na Kisesa wilayani Magu, kilometa 20 hivi kutoka mjini Mwanza. Mwaka 2012 sehemu ya iliyokuwa Wilaya ya Magu ilikuwa imekwisha kumegwa na kuwa Busega, ndani ya Mkoa mpya wa Simiyu. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita hata kiwango cha 1964, na maji yakafunika fuko na mialo ya wavuvi iliyokuwa imechorwa kama nchi kavu. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi. Ramani ambayo haikurekebishwa baada ya siku hiyo ingali ikimpeleka msafiri wa Sengerema kwenye foleni ya kivuko. Mabadiliko hayo yote yametokea katika muda usiozidi umri wa mwanafunzi wa kidato cha nne.

Mahali hapo hapo pana mifano miwili ya kuigwa. Wa kwanza ni wa sayansi. Mwaka 1994 kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kilianza kufuatilia afya ya wakazi wa kata ya Kisesa, hasa kuhusu UKIMWI. Watafiti walirudi kaya kwa kaya, duru baada ya duru, kwa miaka mingi. Sifa ya kazi hiyo miongoni mwa wanasayansi haikutokana na duru ya kwanza. Ilitokana na kurudi.

Mfano wa pili ni wa utamaduni. Bujora pana Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, na kila mwaka, mwezi wa Juni, hufanyika Bulabo, mashindano ya ngoma ya makundi ya Bagika na Bagalu. Ushindani wa makundi hayo mawili ni wa vizazi na vizazi. Umedumu kwa kuwa umefungwa kwenye majira ya mwaka na kwenye fahari ya watu wenyewe, na kila kizazi hukirithisha kingine mbinu zake. Kazi yenye msimu wake haingojei barua ya mfadhili.

KAZI YA SHULE

Kutokana na hayo, pendekezo lafuata lenyewe: utunzaji wa ramani huria ukabidhiwe shule za sekondari, uwe kazi ya kila mwaka, na uwe mdogo. Shule haihami, na kila mwaka hupokea vijana wapya. Somo la Jiografia tayari linafundisha usomaji wa ramani na kanuni za upimaji. Badala ya kuishia kwenye karatasi ya mtihani yenye ramani ya mahali pasipojulikana, mwanafunzi asome ramani ya kata yake na kuikosoa.

Chukulia darasa la wanafunzi 40, waliogawanywa katika makundi 8. Kila kundi likitazama mahali 5 kwa alasiri moja ya kiangazi, baada ya mavuno, kata itakuwa imekaguliwa mahali 40: visima, zahanati, shule, madaraja, mialo, na majina ya vitongoji. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, wala hawazihitaji. Ramani ichapwe kwenye karatasi, na penseli itumike kuandika yaliyobadilika. Mwalimu aingize masahihisho baadaye kwa kompyuta ya shule au kwa kishikwambi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa walimu. Shule jirani zikishindana kama Bagika na Bagalu, kazi itakuwa na furaha yake.

Zipo hoja za kupinga. Ya kwanza ni kwamba wanafunzi watakosea. Ni kweli, lakini makundi mawili yakipita njia moja, makosa mengi yatajionyesha yenyewe, na mwenyekiti wa kitongoji ataweza kukata shauri. OpenStreetMap huhifadhi kila badiliko na tarehe yake, hivyo kosa laweza kufutwa. Ya pili ni kwamba kazi hii ni ya serikali. Serikali ina wajibu wake, na Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 ilikuwa hatua kubwa. Lakini ofisi ya wilaya haiwezi kuwa kila kisimani kila mwaka. Wala ramani huria haitoi haki ya ardhi au kukata kesi ya mpaka. Hayo yabaki kwa wapima na vyombo vya sheria.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: si kila kijulikanacho kinastahili kuwekwa wazi. Jina la mkaaji wa nyumba, ugonjwa wake, mifugo yake, au mahali alipojificha msichana anayetafutwa, si mambo ya ramani ya umma. Data za afya za Kisesa huwekewa masharti kwa sababu hiyo hiyo. Mwanafunzi anayejifunza nini asiandike amejifunza nusu ya sayansi ya data.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka, ikifanya kazi yenye faida kwa jamii hiyo. Kwa muda mrefu agizo hilo limeeleweka kuwa ni shamba la shule na banda la kuku. Laweza pia kuwa ramani. Wachoraji wa mbali wamefanya sehemu yao na wanastahili shukrani. Lakini aliye mbali hawezi kujua kwamba pampu ya jirani imenyamaza tangu Jumatatu. Walimu wa Jiografia wasingoje waraka. Kata moja, alasiri moja, penseli na karatasi zatosha kwa mwaka wa kwanza. Ugumu utakuja mwaka wa pili, na kazi itapimwa kwa kuangalia kama walirudi.