Sumbawanga na gunia lake
Mahindi yakishavunwa Ufipa, huna haja ya kuuliza uchumi wa Sumbawanga umekaa wapi. Umepakiwa kwenye fuso: magunia ya lumbesa, yameshonwa kwa kamba yakavimba kichwani, tani baada ya tani kuelekea Tunduma. Lami hiyo ya kilomita mia mbili na ushee imeokoa siku nzima za matope, sikatai, lakini inachobeba ni kile kile cha zamani, nafaka ghafi. Mashine za kusaga zipo, na vijana hutoka humo weupe hadi kope; thamani kubwa hata hivyo huongezwa mbele ya safari. Umeme wenyewe kwa miaka mingi ulitoka Zambia, ndipo ukaja mradi wa njia ya kilovoti 400 kutoka Iringa. Kinachonikera ni pale tunapoambiwa viwanda ni jambo geni huku. Kwa nani? Wafipa walijenga malungu, matanuru ya udongo yenye kimo cha mita tatu hivi, wakayeyusha chuma bila mivukuto: hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, moto ukanguruma usiku kucha. Baadaye chuma kilisafishwa kwenye tanuru dogo, hilo sasa la mivukuto, kikafuliwa jembe. Baadhi ya malungu hayo bado yamesimama vichakani. Waheshimiwa, mkimleta mwekezaji, kabla ya kumwonyesha ghala, mpitisheni huko kwanza.