Saa za Masomo na Msimu wa Shamba

Katika nchi kadhaa za ng'ambo wazazi wanaruhusiwa kuwasomesha watoto wao nyumbani. Nchini Marekani majimbo yote 50 yamekubali jambo hilo tangu 1993. Faida inayotajwa mara nyingi ni uhuru wa saa: baba na mama wafanyao kazi hupanga masomo asubuhi, jioni au siku ya mapumziko, kwa kadiri kazi yao iruhusuvyo.

Kwetu Sheria ya Elimu ya 1978 yamtaka kila mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shule na kuhudhuria. Sheria hiyo ni njema. Mzazi wa Mwimbi ashindaye shambani hawezi kuwa mwalimu wa kutwa. Shule zilipofungwa kuanzia Machi 17 hadi Juni 29, 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, mtoto ambaye kwao hapakuwa na redio wala televisheni hakufikiwa na vipindi vilivyotangazwa.

Hata hivyo, uhuru wa saa ni jambo ambalo shule yaweza kujifunza. Katika uwanda wa Ufipa mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Masomo hufunguliwa Januari, wakati wa palizi. Mtoto aliyekosa majuma mawili hurudi akakuta wenzake wamekwisha kuvuka somo la kugawanya. Asipofundishwa tena, kila somo linalofuata humlemea, na hatimaye huacha shule.

Dawa ya namna hii imekwisha kujaribiwa nchini. Mpango wa MEMKWA, ulioenezwa kuanzia 2002 chini ya MMEM, uliwakusanya watoto wa miaka 11 hadi 18 waliokosa shule, ukawafundisha kwa saa chache kila siku, kwa ratiba iliyozingatia kazi zao. Waliofaulu waliingizwa katika madarasa ya kawaida.

Ndugu mwanachuo, hutakuwa na mamlaka ya kubadili kalenda ya taifa, lakini azimio la kazi utaliandika kwa mkono wako. Basi tenga humo vipindi vya marudio baada ya palizi na baada ya mavuno. Soma daftari la mahudhurio kabla ya kuandika andalio la somo, upate kujua nani amekosa nini. Tena yatumie madebe na magunia ya mahindi kufundishia vipimo, kwa kuwa mtoto ameyashika kwa mikono yake.

Wako watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kuwapa wazazi ruhusa ya kuwatumikisha watoto, hasa wasichana. Hoja hiyo ina uzito. Kwa hiyo mwalimu asiache kumfuata nyumbani mtoto asiyeonekana, wala kuzungumza na wazazi wake. Lakini mtoto akisharudi darasani, kumnyima somo alilolikosa ni kumwadhibu yeye kwa uamuzi wa wakubwa wake. Kazi ya mwalimu ni kumfundisha.